Machozi ya Jicho Moja

Alfajiri moja ya siku za kaskazi, mwaka 2015, niliamka na maumivu upande wa kulia wa kichwa, kuanzia nyuma ya jicho hadi juu ya sikio. Sikuyajali. Nani katika visiwa hivi asiyepata kuumwa na kichwa wakati wa kaskazi? Nilimeza vidonge viwili vya parasetamoli, nikaketi mezani kuendelea na kazi yangu. Siku zile nilikuwa nikifasiri kasida ya al-Mutanabbi, mshairi wa Kiarabu wa karne ya 10, aliyoitunga alipokuwa Misri akiugua homa. Humo homa inachorwa kama mgeni wa kike mwenye haya, ambaye hamzuru mgonjwa ila gizani, na kunapokucha huondoka. Nilikuwa nimefika hapo pa kuondoka mgeni. Mgeni wangu mimi hakuondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wangu alikaa zaidi ya miaka mitatu, na jembe alipolishika alinichimba mwenyewe.

Naomba niyaeleze maumivu hayo kwa utaratibu, kwa kuwa kisa chote kimo ndani ya maelezo yake. Yalikuwa na tabia mbili. Ya kwanza ni kudumu: hapakuwa na saa hata moja, usiku wala mchana, ambayo upande ule ulikuwa mtupu. Yalikuwa pale kama mkono uliowekwa juu ya kichwa na kusahauliwa. Tabia ya pili ni kupanda. Mara kadhaa kwa wiki, bila ya sababu niliyoweza kuibaini, mkono ule ulikuwa ukikaza. Hapo jicho la kulia hugeuka jekundu na kutoa machozi, nikahisi kama limeingia mchanga; tundu la pua la kulia huziba; ukope wa kulia hulegea. Sikuweza kukaa wala kulala, bali kutembea chumbani kutoka ukuta hadi ukuta. Na upande wa kushoto? Upande wa kushoto ulikuwa shwari, kama bahari ya matlai asubuhi.

Wasomaji wa kurasa hizi wanajua jinsi mshororo wa mizani 16 unavyogawika vipande viwili vya mizani 8, ukwapi na utao, na mpaka baina yao hauvukwi ovyo. Ndivyo kichwa changu kilivyokuwa. Ningeweza kupitisha kidole katikati ya paji la uso na kusema: huku ni kuzima, huku ni kuugua. Sikuwahi, katika muda wote huo, kuona maumivu yakivuka mpaka. Na kwa muda huohuo sikuweza kutunga. Kila nilipohesabu mizani nilipotea njiani, nikarudi mwanzo, nikapotea tena. Kasida ya al-Mutanabbi nikaifunga ndani ya bahasha.

Nilitafuta tiba kama atafutavyo kila mtu. Kwa kuwa maumivu yalishuka hadi taya la juu, nilianza kwa daktari wa meno. Aling'oa gego moja, na baada ya miezi minne akang'oa la pili. Maumivu hayakupungua hata chembe, isipokuwa sasa hata kutafuna nilitafunia upande mmoja. Kisha ikasemwa ni macho, nikavaa miwani. Ikasemwa ni sainasi, nikapewa dawa za kuua vijidudu mara tatu. Nilipigwa picha ya kichwa, picha ikatoka safi, nikaambiwa kwa tabasamu, "Mama, huna kitu." Nilirudi nyumbani na bahasha kubwa mkononi, nikiwa na kitu kilekile nilichokwenda nacho. Vidonge vya kutuliza maumivu nilivimeza kila siku kama chakula, nisijue kwamba kuvimeza hivyo kwa miezi mingi kunaweza kuzaa maumivu mengine ya kichwa juu ya yale ya awali.

Tiba za kwetu nazo sikuziacha. Nilisomewa, nikanywa kombe, nikaumikwa. Sidharau hata moja katika hayo. Katika Hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari tunaelezwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliumikwa kichwani kwa ajili ya shaqiqa, yaani maumivu ya nusu ya kichwa, naye yumo katika ihramu. Nilikwenda kwa imani hiyo, na jioni ile nilipata utulivu wa moyo, ingawa kichwa hakikubadilika.

Pembe ya kuumikia ndiyo iitwayo chuku. Na kila msemaji wa Kiswahili anaijua maana ya pili ya kupiga chuku, nayo ni kulikuza jambo kupita kadiri yake. Chuku ya kwanza niliifuata kwa hiari yangu. Ya pili nilisingiziwa, na aliyenisingizia ni dada yangu.

Sisi kwa baba na mama mmoja tumezaliwa wawili tu. Ndugu zetu wengine tumechangia baba. Yeye ndiye mkubwa. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka chuoni, na ndiye aliyeniuzia shuka zake za kushona ili ninunue kamusi yangu ya kwanza ya Kiarabu, nilipoamua kujifunza peke yangu lugha ambayo chuoni tulifundishwa kuisoma bila ya kuifahamu. Anaishi Wete, nami naishi Unguja. Mwaka 2017 alimwoza binti yake, nikavuka kwenda Pemba.

Usiku wa kuamkia ndoa maumivu yalipanda. Taa, ngoma, moshi wa udi, vyote vilinielemea. Nilitoka uani nikawa natembea huku na huko, jicho la kulia likichuruzika. Wanawake waliokuwa kwenye masufuria waliniona. Mmoja akasema, "Tazameni, analia kwa jicho moja!" Wakacheka, wala sidhani kuwa walikusudia ubaya. Dada yangu alitoka kuangalia kicheko ni cha nini. Alinitazama uso mzima, jicho linalolia na jicho kavu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu, leo ni siku ya mwanangu. Hilo lako sasa limekuwa chuku. Nani aliyepata kumwona mtu akilia nusu?"

Sikumjibu. Nami nilikuwa na kosa langu, na haki ni kulitaja. Alfajiri niliondoka bila ya kuaga, nikapanda chombo kurudi Unguja kabla ya ndoa kufungwa, nikamwacha bibi harusi bila ya mama mdogo wa kuketi ubavuni mwake. Baada ya hapo tulikaa miezi 11 bila ya kusemezana, isipokuwa salamu za Idi zilizopitia kwa watoto.

Ilikuwa katika ukimya huo nilipoifungua tena ile kamusi ya Kiarabu, ambayo majalada yake nimeyashona kwa uzi mara mbili. Nilitaka kujua asili ya neno shaqiqa. Shina lake ni kupasua, kukigawa kitu pande mbili. Chini yake nilizikuta maana mbili zimekaa jirani: maumivu ya nusu ya kichwa, na dada wa baba mmoja na mama mmoja. Neno ni hilohilo. Waarabu waliona kuwa ndugu wa tumbo moja ni kama nusu mbili za kitu kimoja kilichopasuliwa. Kiswahili chetu kilichukua upande mmoja wa neno hilo, tukapata ndugu shakiki. Upande wa maumivu tukauacha, tukawa na kipandauso chetu. Wagiriki nao walisema hemikrania, nusu ya fuvu, na ndilo neno alilolitumia tabibu Galen. Likapita katika Kilatini na mwishowe likawa "migraine" ya Wafaransa. Nilikaa nikilitazama neno lile la Kiarabu kwa muda mrefu. Niliziona maana zake mbili na nikajua kuwa zote mbili zilikuwa zikiniuma.

Mwaka 2018 binti yangu alinilazimisha kwenda Dar es Salaam kumwona daktari wa mishipa ya fahamu. Alikuwa kijana, makamo ya mwanangu. Aliinuka nilipoingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimpa bahasha ya picha, akaiweka kando bila ya kuifungua. "Nitaziangalia," alisema, "lakini kwanza nieleze. Umepata kuumwa upande wa kushoto hata siku moja?" Nikasema sijapata. "Iko saa yoyote, hata ndogo, ambayo huumwi kabisa?" Nikasema haipo. Nilishangaa, kwani kwa miaka mitatu niliulizwa mara nyingi wapi panauma na kwa kiasi gani, lakini hakuna aliyeniuliza kama kuna saa isiyouma. Kisha akauliza, "Yanapopanda, machozi hutoka jicho gani?"

Niliinamisha uso. Nilikumbuka uani kule Wete. "La kulia tu," nilisema, kama mtu anayeungama.

"Na pua?"

"Tundu la kulia tu."

"Na ukope?"

"Wa kulia hulegea."

Aliandika kila jibu kama karani wa kadhi anavyoandika ushahidi. Na kweli ulikuwa ushahidi. Kile kilichonifanya nisisadikiwe mbele ya watu, kwake yeye ndicho kilichotangulia kunisadikisha.

Ugonjwa alioushuku unaitwa kwa Kilatini hemikrania kontinua, maumivu ya nusu ya kichwa yasiyokatika. Uliandikwa kwa jina hilo mara ya kwanza mwaka 1984 na madaktari Ottar Sjaastad wa Norway na Egilius Spierings, kutokana na wagonjwa wawili tu. Miaka 10 kabla ya hapo, mwaka 1974, Sjaastad na Inge Dale walikuwa wameeleza ugonjwa ulio jamaa yake, ambao maumivu yake huja kwa vipindi vifupi, mara nyingi kwa siku. Hizi zote mbili zina ajabu moja: hutii dawa moja, indomethasini, dawa ya tangu miaka ya 1960 wanayopewa wenye maradhi ya viungo. Dawa nyingine za ukoo wake, kama aspirini, kwa kawaida haziufanyi mwili uitikie hivyo, na sababu yake wataalamu wangali wakiitafuta.

Katika uainishaji wa kimataifa wa maradhi ya kichwa, toleo la tatu lililotoka mwaka huohuo wa 2018, ugonjwa huu una masharti yake. Maumivu yawe ya upande mmoja, yadumu zaidi ya miezi 3, yawe na vipindi vya kupanda. Pawepo dalili za upande uleule, kama machozi, wekundu wa jicho, pua kuziba au ukope kulegea, au mgonjwa ashindwe kutulia. Na sharti la mwisho, yakome kabisa kwa indomethasini. Kwa mtu mzima dawa hufikishwa angalau miligramu 150 kwa siku, na ikibidi huongezwa hadi 225. Nani kati yetu tufasirio maneno asiyeshangazwa na sharti hilo la mwisho? Ni kama neno ambalo maana yake haithibitiki mpaka lijibiwe. Ugonjwa unajulikana kwa dawa yake.

Kabla ya dawa daktari alinipeleka kwenye kipimo cha MRI, kwa kuwa uvimbe au kasoro ya mshipa ndani ya kichwa huweza kujivika sura hiihii. Picha ilitoka safi kama ile ya kwanza. Lakini safari hii usafi wake haukunifukuza mlangoni, ulifungua njia. Nikaanza miligramu 25 mara tatu kwa siku, kisha 50 mara tatu, pamoja na chakula na dawa ya kulinda tumbo.

Siku ya pili baada ya kuongezewa kipimo, adhuhuri, nilikuwa nikichambua mchele. Nilisikia muuza samaki akipita na baiskeli, nikamsikia kwa namna ambayo sikuwa nimesikia kitu kwa muda mrefu. Nikaacha ungo. Nilikishika kichwa kwa mikono miwili, nikaminya huku, nikaminya kule. Pande zote mbili zilikuwa sawa. Kwanza niliogopa, kama mama aliyezoea kilio cha mtoto na ghafla kilio kikakatika. Kisha nikalia, na machozi yakatoka macho yote mawili.

Baadaye nilimtaka daktari anieleze mwili wangu ulikuwa ukifanya nini. Alinichorea neva iitwayo trijemini, yenye matawi matatu kila upande wa uso: moja huenda kwenye jicho na paji, la pili taya la juu, la tatu taya la chini. Ndiyo maana magego yangu yaliadhibiwa kwa kosa lisilo lao. Neva hiyo inapochokozwa huziamsha neva jirani zinazoamuru machozi na makamasi, nazo huitikia upande uleule tu. Lakini liko jambo jingine alilonieleza, nami silisahau. Uchunguzi wa picha za ubongo uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa kwa wagonjwa wa maradhi haya, sehemu ya nyuma ya haipothalamasi hufanya kazi kupita kawaida, na hufanya hivyo upande wa pili wa kichwa, upande usiouma. Miaka mitatu nilidhani nusu yangu ya kushoto haikuwa na habari. Kumbe nayo ilikuwa imo, ila haina sauti.

Nisimdanganye msomaji kuwa kisa kiliishia kwenye ungo wa mchele. Dawa hii ni kali. Hula tumbo, huweza kudhuru figo na kupandisha presha, na haifai mtu kuinunua dukani kwa sababu ameisoma katika makala ya mshairi. Mwaka 2020 nilipata kidonda cha tumbo kilichotoa damu, nikalazwa. Dawa ilisimamishwa, na siku iliyofuata yule mgeni alirudi kwenye chumba chake kilekile, upande uleule, kama aliyekuwa amekwenda sokoni tu. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa sikuponywa, nilikuwa nimefunikwa. Wako wasioweza kabisa kuendelea na dawa hii, wakatafutiwa nyingine zenye nguvu ndogo zaidi. Mimi, kidonda kilipopona, nilirudishiwa kipimo kidogo, chini ya uangalizi, na kila baada ya miezi kadhaa tunajaribu kukishusha. Zipo siku nzima, zipo nusu.

Siku ya tatu ya kulazwa kwangu nilifumbua macho nikamwona dada yangu ameketi kwenye ukingo wa kitanda, buibui bado lina chumvi ya safari. Maumivu yalikuwa yamepanda. Jicho la kulia lilikuwa likichuruzika, na sikulificha. Alilifuta kwa ncha ya kanga yake, akalifuta tena, kisha akaligusa lile la kushoto akalikuta kavu. Alikaa kimya kwa muda.

"Sikujua," alisema.

"Nami sikuaga, dada," nilisema.

Hatukusema zaidi ya hayo, na sidhani kuwa yalihitajika zaidi. Lakini nimetafakari sana juu ya neno lake. Hakusema "nisamehe", alisema "sikujua", na lilikuwa neno la kweli. Angejuaje? Maumivu ya mtu hayana kivuli. Mwenye jeraha huonyesha jeraha, mwenye homa huguswa paji. Mimi sikuwa na kitu cha kuonyesha ila maneno, na machozi ambayo yalikuja kwa hesabu isiyotimia. Simlaumu aliyeshindwa kujua. Ninachodai, kwa ajili ya wengine walio kwenye vyumba vya giza leo wakiambiwa hawana kitu, ni jambo dogo linalotangulia kujua, nalo ni kusadiki. Yule daktari kijana naye hakujua niliponyanyua pazia la mlango wake. Alisadiki kwanza, ndipo akauliza, ndipo akajua.

Kasida ya al-Mutanabbi nimeitoa kwenye bahasha na kuimaliza. Na baada ya miaka hiyo ya kupotea katika hesabu, ubeti wa kwanza uliosimama sawa mikononi mwangu ni huu, nilioutunga kwa ajili ya dada yangu:

Upande uliouma, mwenziwe hauna dhiki,
Ukilia na kuhema, mwenza hautaharuki,
Tumbo moja, moja mama, ndugu yangu, u shakiki,
Sikudai ila wema, neno moja: nasadiki.

Sikutaka ausome hapa kwanza, kwa hiyo nilimsomea kwa simu. Tangu alipojua kuwa vidonge vyangu havimezwi na tumbo tupu, hunipigia kila magharibi kutoka Wete. Nilipomaliza mshororo wa nne alinyamaza, nikasikia pepo za Pemba zikipita kwenye simu yake.

"Umekula?" akaniuliza.